Karatasi ya Mlango wa Tanuri

Maiti ilikutwa imepiga magoti.

Ilikuwa Jumatatu, saa moja na dakika ishirini asubuhi. Mlinzi mmoja wa Mahabusu ya Watoto, ambaye watoto walimbandika jina la Kofuli, alikuwa amemshika mtoto mkono akimpeleka kumfungia kwa kosa la kutotandika kitanda. Alivuta komeo, akafungua mlango wa chuma, na Mkuu wa mahabusu akamwangukia miguuni. Mtoto hakungoja kuambiwa. Alichomoka mbio, akaenda kutandika kitanda chake na cha jirani yake.

Saa mbili kamili Inspekta alikuwa mlangoni amechuchumaa. Alikuwa mtu mzima mwenye miwani na maneno machache, na goti la kushoto lililomlalamikia kila alipoinama. Kucha mbili za mkono wa kulia wa marehemu zilikuwa zimeng'oka. Midomo ilikuwa imepasuka kama ya mtu aliyelala na homa wiki nzima, na shati la kazi, lililokuwa limepigwa pasi ya kunyoosha kweli, lilikuwa na michirizi myeupe ya chumvi ya jasho.

"Damu hakuna, afande," alisema Sajini, mwanamke mfupi aliyekuwa msaidizi wake. "Jeraha la kisu hakuna. Amefungiwa tu."

"Amefungiwa tu," Inspekta alirudia, akainuka.

Chumba kilikuwa na urefu wa hatua tatu na upana wa hatua mbili. Sakafu ya zege, paa la bati tupu, dirisha hakuna. Mlangoni kulikuwa na tundu la kutosha kiganja, na juu yake maandishi safi ya rangi ya buluu: CHUMBA CHA UTULIVU. Watoto walikiita tanuri, na kwa kweli watoto ndio waliokuwa sahihi. Saa mbili tu asubuhi, na tayari ndani mlikuwa na joto la kumtoa mtu jasho la mgongo.

Kwenye kona, chini kabisa karibu na sakafu, kulikuwa na neno limekwaruzwa ukutani. Inspekta alilazimika kupiga tena lile goti bovu ili alisome. NIMEGONGA. Basi, hilo tu. Mkwaruzo ulikuwa wa zamani, umeshaingia vumbi.

Nje, kwenye msumari kando ya mlango, ubao mdogo ulining'inia na karatasi imebanwa. Inspekta aliitupia jicho, akaona mistari mingi ya saa na saini, na chini muhuri. Akageuka kumsikiliza Naibu wa Mkuu, aliyekuwa anakuja mbio akifunga vifungo vya koti.

Hapo alikosea. Baadaye alikiri mwenyewe.

"Pole kwa kazi, Inspekta," Naibu alisema. "Ila hamtapata tabu. Tumeshampata."

"Mmempata nani?"

"Muuaji. Amekiri, ameweka na dole gumba. Gari la kumpeleka gereza la wakubwa linakuja saa kumi jioni."

Inspekta alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya shati. Wafu wa kawaida humchukua siku tatu. Huyu alikuwa hajapoa, na tayari amepata muuaji, maelezo na usafiri.

"Huyo muuaji ana umri gani?"

"Kumi na tano. Lakini ni shetani, usimwone vile."

*

Ofisi ya Naibu ilijaa vyeti ukutani. Mahabusu ya mfano. Nidhamu bora. Kumbukumbu bora, miaka minne mfululizo. Katikati palitundikwa kanuni za Mkuu, zimechapwa kwa herufi kubwa. Kanuni ya kwanza ilikataza simu ndani ya jengo la watoto, hata za wafanyakazi, hata yake mwenyewe. Ya saba ilisema: Mlango wa Utulivu ukigongwa, usijibu. Atachoka.

Inspekta aliisoma ya saba mara mbili.

"Mkuu alionekana mara ya mwisho lini?"

"Jana asubuhi, mapema. Nyumba yake ipo ndani ya uzio. Kila Jumapili alipita kukagua, na wiki hii ndiyo zaidi, maana Jumatano wakaguzi wa wizara wanakuja."

"Hakurudi nyumbani usiku kucha, na hakuna aliyemtafuta?"

"Mkewe yuko safarini."

"Na ninyi?"

Naibu alitazama kalamu zake. Ukweli usemwe: Mkuu alikosekana siku nzima, na mahabusu nzima ikala vizuri, ikacheza mpira na kulala mapema.

"Wewe jana ulikuwa wapi?"

"Nyumbani mpaka saa kumi na moja. Nikaja kusaini karatasi za siku, nikaondoka."

"Kofuli je?"

"Uwanjani. Alichezesha mechi asubuhi, akasimamia wageni mchana, akachezesha nyingine jioni. Watoto themanini walimwona."

Inspekta aliagiza Kofuli aitwe. Aliingia ameshika kofia kwa mikono miwili, jitu la miraba minne lililokosa pa kuyaweka macho yake.

"Jana ulipita karibu na chumba kile?"

"Nilipita, afande. Saa nne hivi, kuchukua mpira stoo."

"Ulisikia chochote?"

Kofuli aliikunja kofia. "Nilisikia mlango unagongwa."

"Ukafanya nini?"

"Nikachukua mpira."

"Hukuuliza nani yumo?"

"Afande, mle siku zote yumo mtu. Na amri inasema tusijibu."

"Hata sauti hukuitambua? Sauti ya bosi wako?"

"Alikuwa anasema 'fungua, fungua'. Wote husema hivyo." Kofuli alianza kulia, mtu mzima na mwili wake wote ule. "Wallahi, nilidhani ni mtoto tu."

Sajini, aliyekuwa anaandika, aliinua uso kwa lile neno "tu". Alikuwa na wanawe wawili nyumbani.

*

Muuaji mwenye dole gumba aliletwa akiwa pekupeku. Jina lake la humu lilikuwa Kiberiti, kwa sababu ya godoro alilolichoma mwaka juzi, na shavu lake la kushoto lilikuwa limevimba.

"Nani amekupiga?"

"Nimejikwaa."

"Kwenye nini?"

"Kwenye maelezo," Kiberiti alisema, na Sajini akaziba mdomo kwa daftari.

"Ijumaa ulimwambia Mkuu utamfungia tanurini aonje. Ni kweli?"

"Kweli. Alikuwa amenitoa humo dakika hiyohiyo. Kila mtu humu husema hivyo, baba. Hata mpishi."

"Jana asubuhi ulikuwa wapi?"

"Golini."

"Umefungwa mangapi?"

"Sita." Aliona haya kuliko alivyoona haya kwa mashtaka ya mauaji. "Lakini mabeki wangu ni milingoti. Muulize Kofuli, yeye ndiye refa. Na mchana nilikuwa benchi la wageni, namsubiri dada yangu. Hakuja."

"Kwa nini ulikiri?"

Kiberiti alimtazama kama anayemtazama mtu aliyetoka mbali sana. "Waliniambia nikiri au nikae tanurini mpaka nikiri. Na humo maiti yenyewe ilikuwa bado haijatolewa."

Inspekta alitoka nje, akasimama uani. Saa yake ilisema saba na nusu. Mtoto mwenye mashahidi themanini na mabao sita angepakiwa garini saa kumi, na akishaingia gereza la wakubwa, karatasi za kumtoa zingechukua miezi. Alijua jinsi karatasi zinavyotembea. Za kuingiza zina miguu, za kutoa zinatambaa.

Simu yake ililia. Daktari wa uchunguzi wa maiti hakuwa na salamu nyingi.

"Moyo umesimama. Joto kali na kukosa maji, juu ya shinikizo la damu alilokuwa nalo. Amekufa jana kati ya saa nane na saa tisa mchana. Hajafa haraka, Inspekta. Amechukua saa kadhaa kufa humo ndani."

"Alama za vidole kwenye komeo?"

"Vijana wangu wamezikuta za nusu ya wafanyakazi, na zako."

*

Alirudi kwenye tanuri peke yake. Sasa jua lilikuwa limelishika bati, na chuma cha mlango hakikugusika. Ubao ulikuwa palepale kwenye msumari. Tangu asubuhi watu kumi na wawili walikuwa wamepita mbele yake, polisi watano wakiwamo.

Safari hii aliusoma.

Karatasi ilikuwa ya uangalizi, ile inayotakiwa kujazwa kila robo saa mtoto akiwa amefungiwa. Tarehe ilikuwa ya jana. Mahali pa namba ya mtoto palikuwa na mstari mtupu. Chini yake, kwa mwandiko mwembamba uliosimama wima:

Saa mbili kamili. Ameingia. Anatukana.

Saa mbili na robo. Anagonga. Anasema nitafukuzwa kazi.

Saa nne na nusu. Anaomba maji.

Saa tano kamili. Anauliza mimi ni nani. Nimemtajia namba.

Saa sita kamili. Sikuja.

Saa sita na robo. Sikuja.

Saa sita na nusu. Anagonga polepole. Anasema tafadhali.

Saa nane na robo. Anapumua kwa shida.

Saa nane na nusu. Amenyamaza.

Kuanzia hapo ilikuwa ni "amenyamaza" mstari baada ya mstari, mpaka saa kumi kamili: Muda umekwisha. Mistari thelathini na mitatu, ukihesabu na ile miwili ya "sikuja". Wino ulikuwa umefifia katikati, kalamu ikabadilishwa. Mistari mingine ilikuwa imekazwa hadi karatasi ikatoboka kidogo. Mbele ya kila mstari, kwenye safu ya saini, iliandikwa namba moja tu: 217.

Na chini kabisa, kwa wino wa kijani, kulikuwa na muhuri na saini ya kifahari: Imekaguliwa. Hali shwari. Naibu wa Mkuu.

Inspekta aliung'oa ubao, akaenda nao mpaka ofisini, akauweka mezani mbele ya Naibu.

"Hii saini ni yako?"

"Yangu."

"Uliiweka lini?"

"Jana, saa kumi na moja na nusu."

"Soma."

Naibu alisoma. Alipofika kwenye "tafadhali" alivuta karatasi karibu na macho. Alipofika kwenye "amenyamaza" alikaa chini, ingawa kiti hakikuwa nyuma yake, na Sajini akamdaka kwapa.

"Ulisaini kwamba bosi wako anakufa na hali ni shwari," alisema Inspekta.

"Sikusoma! Inspekta, sisi hatusomi! Karatasi ziko arobaini kwa siku. Tunasaini tu."

"Na walinzi wanazijaza saa ngapi?"

Naibu aliusukuma ubao pembeni.

"Saa ngapi, nimekuuliza."

"Asubuhi," Naibu alisema kwa sauti ndogo. "Mwanzo wa zamu. Wanajaza za siku nzima kwa mkupuo mmoja. Tunaita kupika karatasi. Mkuu mwenyewe aliagiza hivyo, wakaguzi wakija ghafla wasikute pengo. Ndiyo maana tuna vyeti."

Inspekta alitazama vile vyeti. Kumbukumbu bora, miaka minne mfululizo.

"Basi huyu ameandika ukweli," alisema. "Katika jengo hili zima, ni mtu mmoja tu aliyewahi kujaza karatasi hii kwa ukweli. Mia mbili kumi na saba ni nani?"

"Ni namba ya mtoto. Ya zamani. Karani wa kumbukumbu ndiye anayejua."

*

Chumba cha kumbukumbu kilikuwa hatua kumi kutoka mlango wa tanuri. Karani alikuwa mwanamke wa miaka arobaini na kitu, mwembamba, mwenye sweta jepesi na penseli iliyochomekwa nyweleni. Watoto walimwita Mama Faili. Alikuwa na miaka miwili kazini na hakuwa na kosa hata moja.

"Shikamoo, Inspekta," alisema, japo walikuwa takriban hirimu moja.

"Marahaba. Nahitaji faili namba mia mbili kumi na saba."

Rafu zilikuwa zimejaa mafaili hadi darini. Karani hakuinuka. Faili lilikuwa mezani, mbele yake, limefutwa vumbi.

Inspekta alilichukua, na hakulifungua palepale. "Jana ulikuwepo?"

"Nilikuwepo. Kupanga mafaili kwa ajili ya wakaguzi. Na kuandikisha wageni."

"Wageni huandikishwa saa ngapi?"

"Saa sita mpaka saa sita na nusu."

"Naomba hilo daftari la wageni pia."

Alipewa. Alitoka nje, akakaa kwenye benchi la uani, akayafungua yote mawili magotini. Daftari la wageni la jana lilijaa mwandiko mwembamba uliosimama wima. Mgeni wa kwanza saa sita na dakika moja, wa mwisho saa sita na dakika ishirini na nane. Sikuja, sikuja. Hata alipokuwa anaua, alikuwa ameandika na utoro wake.

Kisha faili. Mtoto wa kiume, miaka kumi na tatu, yatima, analelewa na mama yake mdogo. Ana pumu. Alipokelewa miaka mitatu iliyopita, kwa wiki mbili. Siku ya tano, Jumapili, alifungiwa Utulivu kwa kosa la kudai dawa yake kwa kelele. Aliingia saa mbili asubuhi, akatolewa saa kumi jioni.

Karatasi ya uangalizi ilikuwa safi. Mistari thelathini na mitatu, wino mmoja, mlalo mmoja, na yote ilisema kitu kimoja: Amelala, hali shwari. Saini ya Kofuli. Imekaguliwa, wino wa kijani. Nyuma yake cheti cha daktari kilisema mtoto amekufa saa saba mchana, kwa maradhi ya kawaida. Kwa hiyo mtoto aliyekufa saa saba aliendelea kulala salama kwenye karatasi mpaka saa kumi.

Kulikuwa na orodha ya vitu alivyorudishiwa ndugu: suruali moja, mkanda mmoja, kandambili jozi moja, dawa ya pumu ya kuvuta, moja, haijatumika. Amepokea mama mdogo wa marehemu. Saini nyembamba, iliyosimama wima.

Ushahidi ulikuwa umekamilika. Angeweza kufunga faili hapo. Lakini alikuwa mtu wa kusoma mpaka ukurasa wa mwisho, angalau siku hiyo, na ukurasa wa mwisho ulikuwa hati ya polisi ya kumleta mtoto. Kosa: kuiba njiwa wawili wa jirani. Maoni ya mpelelezi: Dhamana isitolewe. Wiki mbili ndani zitamtia adabu.

Na saini yenye mkia mrefu, ambayo Inspekta aliijua tangu alipojifunza kuandika. Ilikuwa yake.

Alijaribu kuukumbuka uso wa mtoto. Hakuukumbuka. Aliwakumbuka njiwa, mmoja alikuwa na madoa shingoni. Kwa muda aliwaza jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu: kwamba ukurasa ule ulikuwa umeshikizwa kwa pini moja tu.

Saa yake ilisema tisa na nusu. Getini gari liliingia mapema, rangi ya kijivu, na mlango wa nyuma ukafunguliwa. Kofuli alikuwa anamleta Kiberiti, amefungwa pingu.

Inspekta alifunga faili likiwa na kurasa zake zote, akarudi ndani.

*

"Gari limekuja kumchukua Kiberiti," alisema.

"Nimelisikia," alisema Karani. "Ningetoka saa kumi kasorobo. Nilikuwa nampa kila mtu nafasi ya kusoma. Tangu jana jioni nimekaa hapa nasubiri mtu mmoja tu asome karatasi. Naibu amesaini. Ninyi mmepita. Mmoja wenu ameufunika kwa kofia yake, ule ubao."

"Wewe ndiye uliyemfungia Mkuu?"

"Mimi."

Sajini alikuwa ameshaingia, akaegemea mlango, kalamu mkononi. Inspekta alimsomea Karani onyo, neno kwa neno, kwamba halazimiki kusema na atakachosema kitaandikwa. Karani alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Ulimwingizaje?"

"Nilimwambia watoto wamekwaruza neno ukutani na wakaguzi wanakuja. Akaniuliza liko wapi, nikamwambia chini, kwenye kona. Akapiga magoti alisome." Alinyoosha sweta lake. "Nikafunga."

"Ulijua atakufa?"

"Nilijua aliyekuwa na miaka kumi na tatu alikufa."

"Nijibu swali."

"Nilikusudia akae saa zilezile. Saa mbili mpaka saa kumi. Angetoka mzima, angetoka. Lakini nilijua ana presha, faili lake ninalo mimi."

"Alipoomba maji?"

"Niliandika."

"Aliponyamaza, saa nane na nusu. Ufunguo ulikuwa wapi?"

"Pale hakuna ufunguo, ni komeo. Mkono wangu ulikuwa juu yake." Sauti yake ilikatika kwa mara ya kwanza, si kwa huzuni bali kwa hasira iliyokuwa imetunzwa miaka mitatu. "Nilisimama pale nikamsikiliza anavyovuta pumzi. Dada yangu alipokuwa anakufa alinikabidhi mtoto akiwa na miaka minne. Nimemlea kwa pumzi ile, Inspekta. Usiku na mchana, naijua inavyopanda na inavyokwama. Huyu naye ilimkwama. Nikasema, sasa umeijua. Nikaandika, nikaondoka."

Sajini aliacha kuandika, kisha akaendelea.

"Uliajiriwa hapa ili umuue?"

"Hapana. Niliajiriwa nipate karatasi. Siku niliyokuja kuuliza mwanangu amekufaje, Mkuu hakutoka hata kunipa pole. Alituma niambiwe getini kwamba mtoto alikuwa anaangaliwa kila robo saa na karatasi ipo. Nilisema nitaiona. Miezi minne ya kwanza niliipata, nikawapelekea wakubwa wizarani barua. Barua tatu, bila jina. Zilirudi hapa zikafunguliwa na mimi mwenyewe, zimeandikwa juu yake: Mkuu wa kituo ashughulikie. Akazishughulikia. Alinipa nizichane."

Alifungua droo. Ndani, juu ya kitambaa, kulikuwa na dawa ya pumu ya kuvuta, bado ina kifuniko chake. Aliitoa, akaiweka mezani kati yao.

"Hukuniambia neno lile ni la nani," alisema Inspekta. "Nimegonga."

"Mwanangu amelikwaruza kwa kishikio cha zipu. Kilikuwa hakipo kwenye suruali waliyonirudishia." Alimtazama usoni. "Mkuu amelipa. Kofuli na Naibu saini zao zipo, ya Naibu mara mbili, na sasa zimeshasomwa. Amebaki mmoja."

Sajini aliinua kichwa, akamwangalia bosi wake.

"Nimeuona ukurasa wa mwisho," alisema Inspekta.

"Ungeweza kuutoa. Nilikuacha na faili makusudi, nikakutazama dirishani. Wewe sikukufungia. Wewe nilikuachia kazi yako mwenyewe. Andika, baba. Yote, na njiwa wawili, na nani alisema wiki mbili zitamtia adabu. Andika kwa mkono wako, uweke na saini yako ile yenye mkia."

Inspekta alivuta kiti, akamwomba Sajini kalamu. Kwanza aliandika amri ya kumwachia Kiberiti, akampa Sajini aipeleke getini. Kisha akaandika maelezo ya mshtakiwa. Kisha akachukua karatasi ya tatu, akaandika jina lake mwenyewe juu, chini ya neno Shahidi, na alipomaliza goti na mkono vilimuuma pamoja. Alijua karatasi ile ingemgharimu cheo, na huenda kazi. Karani aliisoma yote, polepole, kidole kikifuata mstari. Alirekebisha tarehe moja.

Dirishani ilisikika sauti ya Kiberiti, bila pingu, akimwambia Kofuli kwamba safari hii refa ndiye afungiwe.

*

Saa kumi na moja jioni, Karani aliingizwa mahabusu ya kituo cha polisi. Chumba kilikuwa na nondo, ndoo, na bati juu. Inspekta alihakikisha kuna maji. Alipogeuka kuondoka, aliona ubao umetundikwa kwenye msumari wa ukutani, na karatasi yake ya uangalizi.

Ilikuwa imeshajazwa mpaka saa kumi na mbili asubuhi ya kesho. Wino mmoja, mlalo mmoja. Yupo, hali shwari. Yupo, hali shwari.

Konstebo wa zamu alisimama wima. "Kuna tatizo, afande?"

Inspekta aliibandua ile karatasi, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni iwe kielelezo. Alivuta kiti cha konstebo mpaka kwenye nondo, akabana karatasi nyeupe ubaoni, akatazama saa yake mpaka mshale ukafika.

Kutoka ndani, Karani alikuwa akimwangalia.

"Unapika?" aliuliza.

"Sipiki."

"Basi andika. Saa kumi na moja na robo. Yuko hai." Alifikiri kidogo. "Hajutii."

Inspekta aliandika hivyohivyo, neno kwa neno, akaweka saini.